Kabla hujaiuza kompyuta ya zamani

Wateja wangu wengi huleta kompyuta isiyowaka wakidhani picha zao zimepotea. Mara nyingi diski ni nzima. Ichomoe, iunganishe na kompyuta nyingine kwa waya wa SATA (aina ya kiunganishi cha diski) kwenda USB. Ile kubwa ya inchi 3.5 inahitaji pia adapta ya volti 12. Nakili folda ya Users, ambamo Windows huweka faili za watumiaji, kisha fungua picha kadhaa uhakikishe zimekuja salama.

Kufuta sasa. Kuformati kwa haraka hakutoshi, faili bado zimo na programu za bure huzirudisha. Kwenye Windows fungua diskpart, programu yake ya kusimamia diski kwa kuandika amri, andika list disk uone orodha ya diski, chagua kwa select disk na namba yake, halafu clean all. Tafadhali sana, linganisha ukubwa wa diski kwanza: ukikosea namba, umefuta ya kwako. Kazi huchukua saa kadhaa, usiikatize. SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sehemu inayozunguka, ifute kwa programu ya mtengenezaji wake.