Jinsi ya kupima umbali wa mlipuko wa gama kwa spektra ya mwanga unaobaki

Mlipuko wa miale ya gama wenyewe haukwambii uko mbali kiasi gani, unawaka kidogo tu ushazima na hauna mistari ya kusoma kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa mawimbi yake), kwa hiyo kazi yote iko kwenye mwanga unaobaki nyuma yake, nao unafifia saa kwa saa. Satelaiti ya kuwinda milipuko kama Swift ikishatangaza mahali, darubini kubwa inageuzwa pale fasta. Kama huna darubini (wengi wetu hatuna) ingia kwenye hifadhi ya data ya ESO (shirika la Ulaya la uangalizi wa anga), spektra za X-shooter, kifaa chao cha kuchukua spektra, zinapakuliwa bure na kwa kujifunzia ni tamu sana.

Tuchukue mlipuko wa GRB 970508, ulionaswa na satelaiti ya BeppoSAX tarehe 8 Mei 1997, maana hii ndo ya kwanza kabisa kupimwa umbali kwa njia hii. Mwanga wake uliendelea kupanda karibu siku mbili ndo ukaanza kushuka, kwa hiyo darubini ya Keck II kule Hawaii iliiwahi tarehe 11.

Kwanza hakikisha pikseli zimegeuzwa kuwa urefu wa mawimbi kwa kutumia spektra ya taa maalumu, halafu weka alama kwenye mabonde (sehemu mwanga ulipomezwa) yanayotokana na hewa yetu wenyewe, lile la oksijeni karibu na angstromu 7600 (angstromu ni kipimo cha urefu wa mawimbi) ndo sumbufu zaidi.

Sasa tafuta pacha wa magnesi, yaani mistari miwili ya giza iliyokaribiana. Kwenye maabara wanakaa angstromu 2796.35 na 2803.53, na kwenye GRB 970508 unatakiwa uwaone karibu na 5131 na 5145. Gawanya 5131.3 kwa 2796.35 unapata 1.835, toa 1, z (kiasi mawimbi yalivyotanuka njiani) ni 0.835. Rudia kwa wa pili, jibu lazima liwe lilelile, na angalia nafasi kati yao imetanuka toka angstromu 7.2 mpaka 13.2, kwa sababu kila kitu kimezidishwa kwa 1.835. Mstari mmoja peke yake usiuamini hata uwe mzuri vipi, unaweza kuupachika elementi yoyote na ukapata z yoyote unayotaka! Ndo maana unamalizia na mistari ya chuma: 2600.17 utokee kama 4771, 2382.77 kama 4372. Visipokuwepo rudi nyuma uanze upya.

Ukiendelea kuchimba utakuta magnesi nyingine kwenye z 0.767, hilo ni wingu la gesi lililokaa njiani tu, wewe chukua z kubwa kuliko zote. Lakini hata hiyo inakwambia mlipuko uko pale au nyuma zaidi, kwa hiyo andika z ≥ 0.835. Kikomo cha juu kinatoka kwenye hidrojeni: mlipuko ungekuwa mbali sana, upande wa bluu ungejaa mistari ya Lyman-alfa (mwanga uliomezwa na hidrojeni njiani), haikuwepo, ndo ikajulikana z haifiki 2.3.

Kupata umbali ingiza z kwenye astropy (maktaba ya Python ya wanaanga), ukiweka H0, yaani kasi ya kutanuka kwa ulimwengu, ya 70 na sehemu ya maada 0.3 mwanga umesafiri kama miaka bilioni 7, na umbali wa kukokotolea nishati unatoka kama megaparseki 5,300.

Baadaye mwanga ulipofifia, galaksi yenyewe ilionekana ina mstari unaong'aa wa oksijeni, ule wa 3727, kwenye 0.835 hiyohiyo, na hapo ndo ile ≥ ikabadilishwa kuwa =.