Jinsi ninavyomsomesha kijana mwenye disleksia kwa hadithi za kutisha za zamani

Wiki iliyopita mama mmoja kaniuliza nafanyaje mpaka mtoto wa jirani yangu, ambaye alikuwa akiona kitabu anaondoka sebuleni, sasa hivi anakuja mwenyewe Jumamosi saa nne asubuhi na karatasi zake mkononi. Nimeona niandike hapa yote maana kwa simu nilimweleza nusu tu.

Kijana ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi ambao sio uvivu wala upungufu wa akili. Shule ya msingi alipita kwa sababu alisoma kwa Kiswahili, na Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, ukishashika silabi unaweza kusoma neno lolote hata kama unaenda polepole. Tatizo lake pale lilionekana kama uvivu, kwamba anasoma taratibu tu. Kaingia kidato cha kwanza masomo yote yamegeuka Kiingereza, na Kiingereza "though" na "tough" zinafanana machoni halafu hazifanani mdomoni, hapo ndo kila kitu kikaporomoka. Shuleni kwake wakampa vitabu vya watoto vya picha, bata na mpira, mtoto ana sauti nzito ameshaanza kuota ndevu! Alikuwa anavificha ndani ya daftari la Jiografia.

Lakini mkae mkijua kitu kimoja: huyo huyo ukimsimulia jambo anakumbuka kila kona, na akikusimulia muvi aliyoona unaiona. Kichwa chake ni cha miaka 15, ni ile njia ya kutoka kwenye herufi kwenda kwenye sauti ndo imekwama. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu na siubadilishi: usirahisishe hadithi, rahisisha karatasi.

Hatua ya 1: Chagua hadithi

Anza na "The Tell-Tale Heart" ya Edgar Allan Poe, Mmarekani, ilitoka mwaka 1843. Ina maneno kama 2,200 tu. Anayesimulia ni muuaji mwenyewe, anatuapia kwamba yeye sio mwendawazimu, anachukia jicho la mzee mmoja, usiku saba mfululizo anachungulia chumbani kwake saa sita usiku, usiku wa nane anamuua anamfukia chini ya mbao za sakafu. Polisi watatu wanakuja saa kumi alfajiri, anawakaribisha vizuri kabisa, anaweka kiti chake juu ya pale pale alipomfukia, halafu anaanza kusikia moyo unadunda chini.

Kwa nini hii? Sentensi nyingi ni fupi, na Poe anarudiarudia neno lile lile mara mbili mara tatu, "louder! louder! louder!", kwa hiyo neno ambalo kijana kalipigania mara ya kwanza analipata tena hapo hapo la bure. Halafu hofu inafanya kazi ambayo mimi siwezi kuifanya, yaani mtoto anataka kujua mstari unaofuata una nini, hata kama mstari wenyewe unamuumiza. Na haina aibu, mtu wa miaka 40 anaweza kuonekana nayo kwenye daladala.

Riwaya za kutisha kama Frankenstein (1818) na Dracula (1897) ziache kwanza, ni nzuri ila ni ndefu, atachoka kabla hajaonja ushindi. Na ongea na mzazi mapema, mwambie hadithi ina mauaji, wengine hawapendi na ni haki yao.

Hatua ya 2: Asikilize kwanza, bila karatasi

Nenda tovuti ya LibriVox, danlodi adio ya bure, vitabu vya humo vimesomwa kwa sauti na watu wa kujitolea. Zipo sauti kadhaa za hadithi hii hii, chagua inayosoma taratibu. Mwache asikilize mpaka mwisho, usimkatishe, halafu mwambie akusimulie kwa Kiswahili. Kijana wangu alipomaliza kasema, "Anti, huyu jamaa moyo anaousikia si ni wake mwenyewe?" Hilo ni swali ambalo watu wazima wanabishania mpaka leo, na kaliuliza mtoto aliyepewa kitabu cha bata.

Hatua ya 3: Tengeneza karatasi

Hapa kaa vizuri, maana hapa ndo mimi nilipoteza Jumapili nzima kuanzia asubuhi mpaka adhana ya magharibi.

Maandishi yanapatikana bure kwenye tovuti ya vitabu vya zamani ya Project Gutenberg, hayana tena hakimiliki. Hadithi yetu iko ndani ya juzuu ya 2 ya kazi za Poe, ni faili kubwa, kwa hiyo tafuta jina la hadithi, kopi hadithi hiyo peke yake, pesti kwenye Word. Ukifungua ile faili ya maandishi matupu utaona kila mstari umekatwa kwa nguvu ukifika kama herufi 70. Kwa macho haina shida, ila ukishakuza herufi kila mstari unavunjika vipande viwili, kimoja kirefu kimoja cha maneno mawili, ukurasa mzima unakuwa kama meno yaliyong'oka. Kwa mtoto ambaye tayari anapoteza mstari hiyo ni adhabu. Mimi nilianza kufuta mstari mmoja mmoja kwa mkono, msifanye hivyo.

Fanya hivi. Sevu kopi kwanza. Bonyeza Ctrl na H, linafunguka dirisha la kutafuta na kubadilisha, na humo ^p maana yake ni pale mstari unapokatwa kwa Enter. Tafuta ^p^p badilisha kuwa @@@ kote, hapo umeweka alama kwenye mwisho wa kila aya. Kisha tafuta ^p weka nafasi moja tupu, mistari yote inaungana. Mwisho tafuta @@@ rudisha ^p, aya zako zinarudi. Ukigeuza huo mpangilio, ukaanza na ^p peke yake, hadithi yote inakuwa aya moja kubwa na hujui tena aya ilikatikia wapi, ndo maana nimesema sevu kopi.

Sasa mambo ambayo hakuna aliyeniambia. Kama Word inakwambia imepata sifuri, mara nyingi ni kwa sababu ulikopi kutoka kwenye brauza na ile mistari imekatwa kwa alama nyingine, tumia ^l (hiyo ni herufi L ndogo) badala ya ^p unapotafuta kwenye hatua zile zile. Kama aya zimeungana ambazo hazikutakiwa, angalia kama mstari mtupu una nafasi imejificha ndani yake, yaani unaonekana mtupu kumbe una spesi, futa hizo kwanza. Vile vistari vya chini vinavyozunguka maneno, kama _will_, ni alama ya maandishi ya kulala tu, vifute vyote, vinamchanganya sana.

Na kubwa kuliko zote: vistari virefu vya Poe. Anaandika "TRUE!—nervous—very, very dreadfully nervous" na kwenye faili vistari vimegusana na maneno pande zote mbili. Pale mwanzo wewe unaona maneno matatu, mwenye disleksia anaona neno moja lenye urefu wa mkono. Kijana wangu alikwama kwenye mstari wa kwanza kabisa kwa dakika nzima, nikadhani neno "nervous" ndo limemshinda, kumbe alikuwa anajaribu kusoma "truenervousvery". Usivifute hivyo vistari maana ndo pumzi ya msimuliaji, anahema kama mtu aliyechanganyikiwa, weka nafasi kabla na baada ya kila kimoja, basi. Na hilo "TRUE" la herufi kubwa zote libadilishe liwe "True", umbo la neno linapotea likiwa kubwa lote.

Baada ya hapo: fonti Verdana saizi 14, nafasi ya mistari 1.5, maandishi yaegemee kushoto na upande wa kulia ubaki haujanyooka, kwa sababu ukinyoosha pande zote Word inatengeneza mapengo katikati ya maneno. Tanua nafasi kati ya herufi kidogo, mimi naweka pointi 1. Hii sio mapenzi yangu tu, kuna utafiti wa mwaka 2012 kwa watoto wenye disleksia wa Italia na Ufaransa, herufi zilipoachana zaidi walisoma haraka zaidi na makosa yakapungua. Zile fonti maalum zinazoitwa za disleksia nilizijaribu, sikuona tofauti, na plastiki za rangi za kuweka juu ya ukurasa usitoe hela yako, ushahidi wake ni dhaifu. Hiyo hela nenda stesheneri kaprinti kwenye karatasi ya rangi ya maziwa, upande mmoja tu, inakuja kama kurasa 10. Na ni karatasi, sio simu. Kwenye simu anateleza na kidole, mstari unapotea, meseji inaingia, kwisha.

Hatua ya 4: Maneno magumu, kwa familia za maneno

Usimpe orodha ya maneno 30. Chukua mwisho mmoja wa neno, fundisha huo tu. Poe katusaidia, kuna sentensi moja ina "caution" na "dissimulation", mbele kuna "observations" na "gesticulations". Mwambie hicho kipande cha "tion" kinasomwa "shon" siku zote hapa, kipigie mstari wa penseli kila kinapotokea. Akishajua mkia, kichwa anakikata kama silabi za Kiswahili, ge-sti-cu-la-shon, na hapa mtoto wa Kiswahili ana faida kubwa kwa sababu kukata silabi alifundishwa tangu darasa la kwanza, ba be bi bo bu. Siku nyingine fanya "sagacity" na "audacity", ndugu wawili. Maana mweleze kwa Kiswahili, haraka, muendelee.

Hatua ya 5: Kusoma pamoja

Soma wewe aya moja huku anafuata kwa kidole au kwa rula chini ya mstari, kisha mnaisoma wote kwa sauti moja, kisha anaisoma peke yake. Aya mbili au tatu kwa siku zinatosha, dakika 20 basi. Akikwama hesabu moyoni mpaka tano, asipopata mpe neno aendelee, usimwambie "hebu jaribu tena" mara nne mpaka sentensi imekufa. Na kamwe, kamwe usimshtukize kumsomesha mbele ya watu. Kijana huyu alishasimamishwa darasani asome, wenzake wakacheka, alinieleza baada ya mwezi wa pili akiwa anaangalia sakafu. Tangu hapo kila aya anayosoma kwa sauti ameichagua yeye.

Hatua ya 6: Arekodi

Ile sehemu ya mwisho, moyo unadunda mpaka jamaa anakiri, anairekodi kwenye simu huku anagonga meza kwa vidole, taratibu halafu haraka. Alirudia mara 11 kwa hiari yake, mara 11! Mimi nilikuwa jikoni napika namsikia tu. Kurudia maandishi yale yale ndo kunajenga spidi, na hakuna kijana atakayerudia mara 11 kwa sababu umemwambia arudie.

Baada ya Poe

Tumeenda "The Monkey's Paw" ya W. W. Jacobs, ya mwaka 1902, mkono wa nyani unaotimiza maombi matatu. Ina mazungumzo mengi, kwa hiyo mnagawana watu, yeye anachukua yule sajenti aliyetoka India mimi nabeba wazee wawili. Angalizo: humo mna wazazi waliofiwa na mtoto wao wa kiume, kama nyumbani kwenu mna msiba wa karibu iruke hii hadithi kabisa.

Na kama mtoto wako anahangaika hata kwa Kiswahili, ipo "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammad Said Abdulla, ya 1960, Bwana Msa anapeleleza mauaji kwenye mzimu, yaani mahali pa kutambikia. Sentensi zake ni ndefu na ni Kiswahili cha Unguja cha zamani, kwa hiyo soma wewe sura nzima kwa sauti, yeye achague ukurasa mmoja tu wa kuufanyia hatua ya 5. Hiyo haipo bure mtandaoni kihalali, nunua kitabu, ukurasa aliouchagua uchape mwenyewe upya kwa herufi kubwa umwekee mezani.