Kabla ya Kuonana Tena na Mliosoma Nao, Jua Nani Hayupo

Agosti 2014, sisi tuliomaliza sekondari ya Mazengo mwaka 1984 tulikutana kwa mara ya kwanza hapa Dodoma. Kwenye kiti cha mwisho nikamwona mke wa rafiki yangu, yule tuliyelala naye dabodeka moja, yeye juu mimi chini. Nilimfahamu shemeji tangu harusi yao. Nikamsogelea kwa furaha: "Shemeji! Jamaa yuko wapi, anaegesha gari?" Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shemeji, huu mwaka wa tatu tangu tumzike." Alikuja kwa niaba yake. Alikuwa amevaa shati la mumewe, mikono ameikunja mara mbili.

Kwa hiyo kabla hujafikiria utavaa nini, mwombe katibu wa kundi lenu majina ya aina mbili: waliotangulia na wasiopatikana. Kaa nayo usiku mmoja, jina kwa jina, mpaka sura zirudi. Kwa umri wetu majina ni mengi, na miaka ya tisini ilichukua wengi. Ukikutana na mjane au mtoto wa marehemu, usiulize aliumwa nini. Toa pole, kisha msimulie jambo moja tu unalomkumbukia. Mwaka 2024 alikuja kijana wa yule rafiki yangu. Nikamwambia jinsi baba yake alivyobeba ndoo yangu ya maji wiki nzima nilipoteguka mguu, na maji ya Dodoma wakati ule yalikuwa ya kuhangaikia. Kijana alinirudisha nyuma mara tatu: ndoo ilikuwa ya bati au ya plastiki? Alibeba kichwani? Aliimba? Yule mtoto alikuwa hajui kwamba baba yake aliwahi kuimba.

Mchango mtoe mapema, ila ukiwa kwenye kamati pigania jambo hili: kiasi alichotoa mtu akijue mweka hazina peke yake. Sisi mwanzoni tulikuwa tunabandika majina na hela kwenye kundi la WhatsApp kila jioni. Wenzetu wanne wakatoka kimya kimya. Tulipoacha, wawili walirudi. Kama una nafasi, mlipie mmoja nauli bila yeye kujua ni wewe.

Safari si kazi tena. Treni ya SGR ilianza kufika Dodoma kutoka Dar Julai 2024, ni mwendo wa saa tatu na kitu tu. Epukeni miezi ya Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, maana vyumba vinajaa na bei zinapanda. Agosti ni nzuri, ila beba sweta. Upepo wa hapa unaujua.

Halafu usitegemee kuikuta shule. Tangu 2007 pale pamekuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Ombeni ruhusa mapema, na mkifika msiharakishe kupiga picha. Mwache kila mtu atembee kidogo peke yake. Mwenzetu aliyekaa nje ya nchi miaka mingi alisimama mahali akahesabu hatua kuelekea lilipokuwa bwalo, na hakuna aliyemsemesha. Ndivyo inavyotakiwa.

Kwenye mazungumzo, lile swali la "siku hizi uko wapi?" liweke kando. Wengi wamestaafu, wengine kazi ziliisha kabla ya kustaafu, na jibu linaweza kumnyima mtu chakula. Uliza kitu mnachokimiliki wote. Mimi huuliza, "Ulikuwa unafanya nini ulipopata habari ya Sokoine?" Aprili 12, 1984 Sokoine, Waziri Mkuu wetu, alitoka hapa hapa Dodoma bungeni, akafa kwa ajali ya gari Dakawa, na nchi nzima ikalia. Kila mtu wa rika letu anakumbuka alikuwa amesimama wapi. Au taja ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, uone watu watakavyopaza sauti. Meneja na mkulima watajibu sawasawa. Vyeo viachwe getini, muitane majina ya bwenini.

Majina ya marehemu yasomwe kabla ya chakula, watu wakiwa wamesimama. Msiyaache mpaka jioni, wengine watakuwa wameshaondoka.

Na wasiokuja? Hao wafuateni. Sisi tuna mmoja yuko Kongwa, macho hayaoni tena. Jumatatu baada ya sherehe tulienda watatu, na mchele, sukari na zabibu kilo mbili. Tulimkuta chini ya mti nje ya nyumba yake. Nikamsalimu tu kwa Kigogo, "Mbukwenyi." Akainua uso, akanyamaza kidogo, kisha akaniita jina ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka arobaini, akaniuliza kama mguu ulipona.