Naltreksoni ya dozi ndogo ikikunyima usingizi, ihamishie asubuhi
Kwa wenzangu wa Kigoma wenye multipo sklerosisi (ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia ubongo na uti wa mgongo) ambao daktari amewaanzishia naltreksoni ya dozi ndogo: ukianza kuweweseka kwa ndoto nzito au kukesha macho makavu, mwombe akuhamishie dozi asubuhi. Dawa hii huziba vipokezi vya endofini, kemikali za mwili zinazotuliza maumivu, kwa saa chache. Ikimezwa usiku, saa hizo huangukia usingizini. Misuli ikizidi kukakamaa, kubadili saa hakutoshi. Daktari atashusha dozi, mathalani kutoka miligramu 3 hadi 1.5, kisha apandishe taratibu. Tafadhali, msikate kidonge cha kawaida cha naltreksoni cha miligramu 50 kwa wembe ili kupata dozi ndogo, vipande havilingani hata kidogo. Na anayemeza dawa za maumivu za jamii ya afyuni kama tramadoli au kodeini asiiguse naltreksoni: inazima dawa hizo, na aliyezizoea atashikwa na arosto.