Tazama rangi ya ndama wa nyumbu kabla ya kupeleka ng'ombe mbugani
Kwa wafugaji wa Ngorongoro na Loliondo: nyumbu wakizaa, kati ya Januari na Machi, ondoa ng'ombe kwenye nyasi fupi wanakozalia. Ndama wa nyumbu akiwa bado na rangi ya kahawia hafifu, makamasi na machozi yake humwaga virusi vya ugonjwa wa nyumbu, unaoua ng'ombe. Akianza kuwa mweusi kama mama yake, ongeza mwezi mmoja ndipo urudi. Jua kali huua virusi upesi, kwa hiyo ukibanwa na malisho, subiri umande ukauke. Mbinu hii hushindwa siku za mawingu, na ng'ombe wanapochangia maji na nyumbu. Ng'ombe akishaugua, macho yakaingia ukungu, ni nadra kupona. Ila haambukizi wenzake.