Jinsi ya kuomba chumba cha kiti mwendo kwenye meli ya utalii, kwa familia inayotoka Moshi

Kwa familia ya Moshi au Arusha inayotaka kumpeleka bibi au babu kwenye meli ya utalii, kupandia Durban, Afrika Kusini, kuna unafuu wake. Kampuni ya MSC imekuwa ikileta meli pale msimu wa joto wa kusini, kuanzia Novemba hivi hadi Machi au Aprili, na safari nyingi ni za siku chache hadi pwani ya Msumbiji na kurudi. Mtanzania haombi viza kuingia Afrika Kusini, mradi siku zake zisizidi 90 kwa mwaka, na Msumbiji nako ni hivyo hivyo kwa matembezi mafupi. Upande wa serikali basi ni pasipoti tu. Kazi yenyewe iko kwa kampuni ya meli: kupata chumba ambacho kiti mwendo kinaingia, kinageuka, na kinafika hadi bafuni.

Hatua ya kwanza: pima kiti kabla hujauliza bei

Mkalishe mwenye kiti, mwambie ashike magurudumu kama anavyoyasukuma kila siku, kisha chukua futi ya fundi upime kutoka kiwiko hadi kiwiko. Pima pia kiti chenyewe, gurudumu la kushoto hadi la kulia. Viti vingi vinavyotumika huku vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70. Mlango wa chumba cha kawaida melini mara nyingi haufiki 60, na wa bafu ni mwembamba zaidi, tena una kizingiti cha kuzuia maji. Chumba kilichotengenezwa kwa kiti mwendo huwa na mlango wa sentimita 80 au zaidi, nafasi ya kugeukia ya kama mita moja na nusu, bafu lisilo na kizingiti, benchi la kukunja la kukalia wakati wa kuoga, na vyuma vya kushikia kando ya choo.

Andika vipimo vyote kwenye karatasi moja: upana kikiwa wazi, upana kikikunjwa, urefu, kimo, uzito. Mfano: “Kiti cha kusukuma kwa mkono, upana sm 66, kikikunjwa sm 30, urefu sm 107, kilo 18.” Karatasi hiyo utaitumia kwa meli na kwa ndege.

Kama kiti kinalegea breki au tairi limeisha, kirekebishwe sasa. Pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, TATCOT, kilichoanza mwaka 1981, kwa hiyo watu wa Moshi hawana sababu ya kusafiri na kiti kinachoyumba. Vyumba vya meli vina zulia, na zulia linamchosha anayesukuma.

Hatua ya pili: uliza vyumba kabla ya tarehe

Watu wengi huchagua tarehe, wakalipa, halafu ndipo wanasema kuna mwenye kiti mwendo. Ni kinyumenyume. Meli yenye vyumba zaidi ya elfu moja inaweza kuwa na vichache tu vya aina hii, na ndivyo vinavyowahi kuisha. Mwambie wakala wa safari, au andika mwenyewe kwa kampuni, ukitaja vipimo vyako na kuuliza haya: mlango wa chumba una upana gani, na wa bafu, bafu ni la kuingia na kiti au lina beseni, kitanda kina kimo gani, na chini yake kuna nafasi ya mashine ya kumnyanyua mgonjwa kama mnaitumia, kama kuna baraza, kizingiti chake kina njia ya mteremko?

Jibu la “ndiyo, kinafaa” halitoshi. Taka namba ya chumba na vipimo kwa maandishi.

Vyumba hivi vingi ni vya watu wawili. Familia ya watu watano itagawanyika, kwa hiyo omba chumba cha pili kilicho jirani, na kama upo, chenye mlango wa ndani unaounganisha. Mimi ningechagua katikati ya meli na karibu na lifti kuliko mbele kwenye mandhari nzuri: katikati meli haiyumbi sana, na korido za meli ni ndefu kuliko unavyodhani. Usitegemee kukiegesha kiti nje ya mlango usiku. Korido ni njia ya kutokea moto ukizuka, wahudumu watakiondoa.

Hatua ya tatu: jaza fomu ya mahitaji maalumu

Kila kampuni kubwa ina fomu hii, na kila moja ina siku yake ya mwisho ya kuipokea, kwa hiyo ijaze wiki ile ile unayolipa. Ijaze kwa ukweli mkavu. Kama bibi anaweza kusimama na kupiga hatua tatu akishikwa, andika hivyo. Ukiandika “anatembea kidogo” kwa aibu, atapewa chumba cha anayetembea kidogo. Taja nani atamsindikiza, maana asiyeweza kujiokoa mwenyewe kwa kawaida hutakiwa awe na mtu wake. Taja dawa za friji na oksijeni. Ambatisha barua ya daktari kwa Kiingereza. Na usitarajie kuazima kiti huko: viti vya meli ni vya kupandisha na kushusha abiria, na vya dharura.

Swali moja watu hulisahau: meli inatia nanga au inafunga gatini? Vituo vya Msumbiji kama Pomene na Kisiwa cha Wareno ni vya ufukweni. Meli hukaa mbali na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka kidogo, mwenye kiti hashuki, na kiti kizito cha betri hakishuki kabisa. Mwambieni mwenye kiti mapema, mpange nani atabaki naye.

Hatua ya nne: pasipoti na bima

Maombi ya pasipoti ya kielektroniki huanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji, kisha mwombaji anafika ofisini mwenyewe kwa alama za vidole. Andaa namba ya NIDA na cheti cha kuzaliwa, na ada ni shilingi 150,000. Kwa watoto beba vyeti vyao vya kuzaliwa, hasa kama mzazi mmoja hayumo safarini. Kadi ya bima ya afya ya nyumbani haisaidii kwenye zahanati ya meli, ambako kila huduma huandikwa kwenye bili yako. Nunua bima ya safari inayotaja safari ya meli.

Hatua ya tano: ndege

Iarifu kampuni ya ndege angalau saa 48 kabla, na hakikisha tiketi imeandikwa alama sahihi: WCHR kwa anayeweza kupanda ngazi, WCHS kwa asiyeweza ngazi, WCHC kwa anayebebwa hadi kitini. Kiti mwendo hakihesabiwi kwenye kilo zako za mizigo. Kama kina betri ya lithiamu inayotoka, itoke na isafiri nawe ndani. Kikomo cha betri ni Wh (wati-saa) 300. Mkienda Desemba, nunueni tiketi mapema sana. Ninyi mnatoka wakati Wachagga wote wanarudi nyumbani, na KIA hujaa pande zote mbili.

Siku ya kupanda na ya kushuka

Zoezi la dharura hufanyika kabla meli haijaondoka au mara inapoondoka, na ni lazima kwa wote. Waulize hapo hapo nani atakuja chumbani, kwa sababu kwenye dharura lifti hazitumiki na kuna viti maalumu vya kushushia watu ngazi. Usiku wa mwisho mizigo huachwa nje ya mlango ichukuliwe. Vibao vya miguu vya kiti na mto wa kukalia visiingie humo, na mapokezi waambiwe jioni hiyo kwamba asubuhi mnahitaji msukumaji hadi kwenye teksi.