Haski wa nyumbani: kupima kasi yake na kumfundisha kukokota

Ukiuliza mbwa wa aina ya haski anakimbia kasi gani, jibu utakalopewa mara nyingi ni kilomita 45 kwa saa. Kwa haski wa Siberia aliye mzima na asiye na mafuta ya ziada, akikimbia mita mia mbili tatu bila mzigo na kukiwa na baridi, jibu hilo haliko mbali na ukweli. Ila halikusaidii kupanga chochote. Mbwa huyu hakuzalishwa kwa mbio fupi. Greyhound, mbwa wa mbio fupi anayefikia kilomita 70, anamwacha vumbini. Wachukchi wa kaskazini-mashariki mwa Siberia walimlea akokote mzigo mwepesi kwa mwendo wa kadiri, saa baada ya saa, akila kidogo. Mwaka 1910 John Johnson alishinda mashindano ya sleji (gari la kuteleza juu ya theluji, linalokokotwa na mbwa) ya Nome, Alaska, kwa kundi la haski wa Siberia: maili 408, yaani kilomita 657 hivi, kwa saa 74 na dakika 14. Ukigawanya, mapumziko yakiwemo, hazifiki hata kilomita 9 kwa saa. Na rekodi ya njia ile haikuvunjwa hadi 2008.

Kuhusu majina, tusichanganye. Wengi wa mbwa unaowaona kwenye video za mashindano ni haski wa Alaska. Hao si aina iliyosajiliwa, ni mchanganyiko uliochujwa kwa kasi, na baadhi yao wana damu ya mbwa wa kuwindia. Makundi bora ya mashindano ya sleji ya Anchorage, Alaska, hushikilia karibu kilomita 30 kwa saa kwa umbali wa kilomita 40. Usimdai haski wako wa sebuleni afike huko.

Hatua ya 1: Hakikisha mbwa yuko tayari

Dume la haski wa Siberia huwa na kilo 20 hadi 27, jike kilo 16 hadi 23. Pitisha viganja ubavuni: mbavu uzihisi bila kubonyeza. Kama huzihisi, kwanza mpunguze uzito kwa matembezi, kwa sababu mafuta yale ni koti la pili juu ya koti alilozaliwa nalo.

Kukimbia mbele yako akiwa amefungwa kamba kusianze kabla ya miezi 12. Kukokota baiskeli kusianze kabla ya miezi 18. Mifupa ya mbwa mchanga hurefuka kwenye ncha ambazo bado ni laini, na mvuto wa kila siku huziumiza kabla hujaona anachechemea. Kabla ya kuanza, daktari wa mifugo amsikilize moyo na kumpima nyonga.

Hatua ya 2: Pima kasi ya bure

Tafuta njia ya udongo au nyasi iliyonyooka, yenye uzio pande zote. Uzio si pambo: haski aliyefunguliwa akaona paka au kindi hasikii jina lake. Pima mita 200 kwa futi kamba. Mtu mmoja amshike mbwa mwanzoni, wewe usimame mita 20 kupita mwisho ukiwa na nyama, umwite. Saa ianze mbwa anapoachiwa, isimame anapovuka alama ya mita 200, si anapokufikia.

Gawanya mita kwa sekunde, kisha zidisha kwa 3.6. Sekunde 24 ni kilomita 30 kwa saa, sekunde 20 ni 36, sekunde 18 ni 40. Mrudishe mara tatu, apumzike dakika tano kila baada ya mbio, uchukue namba ya katikati. Usiamini kasi ya juu kabisa inayoonyeshwa na simu au saa ya GPS. Kifaa kikipoteza setilaiti kwa sekunde moja kisha kikazipata tena, hukuandikia kilomita 58 kwa saa, nawe ukaenda kujivuna bure. Wastani wake wa kilomita nzima ndio wa kutumainiwa.

Hatua ya 3: Mikanda ya kukokotea

Hapa ndipo watu wengi huharibu. Mkanda wa shingoni hauna kazi yoyote katika kukokota. Unabana koo, mbwa anakohoa, na anajifunza kwamba kuvuta ni maumivu. Mikanda ya matembezi yenye utepe unaokatiza kifua kwa mlalo nayo haifai, maana inazuia bega kwenda mbele. Inayotakiwa ni ile ya mbwa wa sleji, inayopishana mgongoni kama herufi X, na pete ya kufungia kamba iwe karibu na shina la mkia.

Kagua mambo matatu mbwa akiwa anavuta, si akiwa amesimama. Tundu la shingo likae juu ya mfupa wa kifua, chini ya koo, na vidole viwili vipite kwa shida. Mkanda wa chini upite katikati ya miguu ya mbele bila kugusa kwapa. Mwisho, ukiivuta pete kuelekea mkiani, mikanda ikae sawa bila kupanda juu. Ikipanda, imezidi urefu au kamba yako inatokea juu mno. Baada ya siku ya kwanza funua manyoya ya kwapani. Wekundu kidogo leo ni kidonda baada ya siku nne.

Kamba iwe na sehemu ya mpira inayonyumbulika. Kwa kukimbia kwa miguu urefu uwe mita 2 inapokuwa imevutika, na wewe uvae mkanda mpana unaokaa nyongani, si kiunoni, la sivyo mgongo utakuuma usiku huohuo. Kwa baiskeli ongeza hadi mita 2.5, na ufunge mbele ya usukani fimbo ya kushikilia kamba isiangukie gurudumu. Usiifunge kamba kwenye mpini wa usukani. Mbwa akikata kona ghafla, utaelekea alikokwenda yeye.

Hatua ya 4: Maneno ya amri

Ukitumia "kulia" na "kushoto" utapata shida, kwa sababu yote mawili yanaanza kwa sauti moja, na mbwa anayekimbia husikia mwanzo wa neno tu. Waendesha sleji hutumia "jii" kwa kulia na "hoo" kwa kushoto, yachukue. Kuanza ni "twende", kupunguza ni "taratibu", kusimama ni "simama". Kupuuza mbwa mwingine au kindi ni "pita". Yafundishe kwenye matembezi ya kawaida, ukilitamka neno hatua mbili kabla ya kona. Majuma mawili yatosha kwa haski wengi. "Simama" ndiyo itakayochelewa.

Hatua ya 5: Elewa uzito wa mzigo na nguvu ya mvuto

Mtu husema mbwa wake "anavuta kilo 100". Kilo 100 juu ya nini? Nunua mizani ya mshale ya kuning'iniza mizigo, ifunge kwenye kamba, mwenzako akae juu ya baiskeli, wewe umvute kwa mwendo wa kutembea na usome mshale. Mtu na baiskeli wenye jumla ya kilo 85, kwenye udongo mgumu ulio tambarare, huonyesha kilo 1 hadi 1.5 tu. Huo ndio mzigo halisi kwenye kifua cha mbwa kwa mwendo huo wa polepole.

Sasa njia ikipanda mita 5 kwa kila mita 100, zinaongezeka kilo 4 na robo. Na mkifika kilomita 25 kwa saa, upepo peke yake unaongeza kama kilo 1.5 hadi 2. Kwa mbwa wa kilo 24 tunashauri mvuto wa kudumu usipite kilo 2. Kwa hiyo mlimani unakanyaga pedali, na ukitaka kasi unakanyaga pedali. Asiyetaka kukanyaga amwache mbwa atembee.

Mizani hiyo hiyo inafichua kosa la gurudumu kuukuu. Watu hufunga tairi la gari la kilo 8 nyuma ya mbwa wakidhani ni mzigo wa kuanzia. Tairi linaburuzwa, haliviringiki. Kwenye udongo mshale husoma kilo 4 hadi 5, mara tatu hivi ya mtu mzima aliye juu ya baiskeli kwenye tambarare. Anza na gogo la kilo 1 au 2, na lengo si nguvu, ni kumzoeza kelele ya kitu kinachomfuata nyuma.

Hatua ya 6: Ratiba ya majuma manane

Juma la 1 na la 2: mikanda mwilini, kutembea mbele yako dakika 20, kamba imekazwa. Akigeuka kukutazama, usimkemee. Tanguliza mtu mwingine au mbwa mwingine mita 30 mbele. Juma la 3 na la 4: gogo, dakika 10, mara tatu kwa juma. Juma la 5 na la 6: mnakimbia pamoja kilomita 1.5, halafu 2, halafu 3. Juma la 7 baiskeli inaingia, kilomita 2 tambarare, mikono miwili kwenye breki, kofia ngumu kichwani. Juma la 8, kilomita 3.

Tegemea hivi: mita 400 za kwanza atapiga shoti karibu kilomita 30 kwa saa kana kwamba hakutakuwa na kesho, kisha atashuka hadi mchakamchaka wa 13 hadi 16, ule mwendo ambao watu wa punda huuita telki. Hilo si kosa, ndiyo gia aliyozaliwa nayo. Kosa ni kumwacha achome nguvu zote mwanzoni. Mzuie kwa breki asizidi 20 katika kilomita ya kwanza, na wastani wa kilomita 3 utapanda. Haski wa nyumbani aliyezoezwa vizuri hufikia wastani wa 18 hadi 25 kwa umbali huo.

Hatua ya 7: Joto, maji na tumbo

Mwendo wa kasi uufanye nje kukiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Kati ya 10 na 15 fupisha nusu. Kukizidi 15, ni matembezi. Unyevu ukiwa mwingi shusha mipaka hiyo zaidi, kwa kuwa mbwa hupoza mwili kwa kuhema na hewa iliyojaa maji haipokei mvuke wake. Anayefuga penye baridi kama Minneapolis, Marekani, au Oslo, Norwei, ana miezi mingi ya kazi. Anayefuga Nairobi ana alfajiri za Juni na Julai. Wa Dar es Salaam au Mombasa asimkokoteshe kabisa. Huko hata usiku wa kipupwe haushuki kufikia kiwango hicho.

Chakula kiishe saa nne kabla ya zoezi, maana tumbo lililojaa linaweza kujipinda, na hiyo ni dharura ya upasuaji. Saa mbili kabla, mpe nusu lita ya maji yenye mchuzi kidogo wa nyama usio na chumvi wala kitunguu. Maji matupu mara nyingi atayakataa.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Ulimi ukipanuka kama kijiko na kujikunja ncha, akianza kuyumba nyuma, au akitafuta kivuli peke yake, zoezi limekwisha. Mmwagie maji mwili mzima hadi yafike kwenye ngozi, mpepee, kisha umkimbize kwa daktari. Usimfunike taulo lililolowa. Linafungia joto ndani.

Hatua ya 8: Baada ya kufika

Mita 300 za mwisho ni za kutembea. Mvue mikanda, mpe maji kidogo kidogo, kisha kagua nyayo nne moja moja. Lami huila ngozi ya nyayo haraka kuliko unavyodhani, na kwenye theluji mabonge ya barafu hujifunga katikati ya vidole. Huko mvalishe soksi za mbwa wa sleji, uzivue mara mkifika.

Andika kwenye daftari: nyuzi joto, umbali, wastani wa kila kilomita, na dakika alizochukua hadi pumzi kutulia. Dakika 10 ni nzuri. Zikipita 20 kwa umbali uleule na hali ya hewa ileile, au kilomita ya mwisho ikizidi ya kwanza kwa zaidi ya dakika moja, mpumzishe siku mbili na urudi juma moja nyuma kwenye ratiba.